Mstari chini ya kitovu

Mdogo wangu alipolazwa, majirani zetu wa Uyole walikuja kutupa pole ya homa ya uti wa mgongo. Wengine waliishia mlangoni, wakihofia watoto wao. Shangazi alipanda Coaster kutoka Tukuyu akiwa na habari nyingine kabisa, kwamba binti ana uvimbe mgongoni na atapasuliwa. Mjumbe wetu yeye alisikia kiharusi. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alidaka neno moja katika maneno ya daktari, akalipeleka kwenye ugonjwa anaoujua.

Ugonjwa wenyewe unaitwa transvasi mayelaitisi. Jina gumu, na nadhani nusu ya mateso yetu ya wiki ya kwanza yalitokana na kutokuwa na jina lake katika lugha tunayozungumza nyumbani. Kwa hiyo niyafungue kwanza haya maneno mawili yaliyowachanganya ndugu zangu, uti na uvimbe.

Uti wa mgongo ni mifupa, zile pingili unazoweza kuzihesabu kwa kidole kwenye mgongo wa mtoto mwembamba. Kila pingili ina tundu, na ndani ya tundu hizo umepita ugwe wa mgongo. Ukinunua mgongo wa ng'ombe wa supu pale Mwanjelwa, utaiona ile kamba nyeupe, laini, katikati ya mfupa. Ndio ugwe. Kwa mtu mzima una unene kama wa kidole cha mwisho na urefu wa kama sentimita 45. Unashuka kutoka kwenye ubongo na kuishia juu kidogo ya kiuno. Amri zote za kutembea zinashukia humo, na habari zote za baridi, moto, mwiba na mguso zinapandia humo. Homa ya uti wa mgongo ni maambukizi ya ngozi nyembamba zinazoufunika ubongo na ugwe. Huja na homa kali, kichwa kuuma na shingo kukakamaa, na aina zake nyingine huambukiza kweli. Transvasi mayelaitisi iko ndani ya ugwe wenyewe, na haiambukizi. Unaweza kulala kitanda kimoja na mgonjwa, ukala naye sahani moja, ukambeba mgongoni, usiupate.

Neno la pili ni uvimbe. Tukisikia uvimbe, tunafikiria kitu kilichoota, kinachokatwa kikatolewa. Daktari alikuwa anasema jambo jingine. Ukijigonga kidole kwa nyundo, kidole kinavimba, kinapata moto, kinauma. Hiyo ni kinga ya mwili imekimbilia pale na askari wake na majimaji yake. Mimi naliita jambo hilo mwako. Sasa fikiria mwako huo unatokea ndani ya kamba laini iliyozungukwa na mfupa pande zote. Kidole kina nafasi ya kuvimba. Ugwe hauna.

Kinachoumia zaidi mara nyingi ni mayelini, yale mafuta yanayozizunguka nyuzi za neva kama plastiki inavyouzunguka waya wa umeme. Mayelini ikibanduka, ujumbe unachelewa, unapotea njiani au haufiki kabisa. Na mwako huo unaukatiza ugwe kwa upana, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hiyo ndiyo maana ya lile neno transvasi, kukatiza. Ndiyo maana pia ugonjwa huu unachora mstari mwilini.

Mstari huo niliuona kwa macho yangu. Daktari wa zamu, kijana ambaye ukimwona njiani ungedhani ni mwanafunzi, alivunja kijiti chenye pamba ili kipate ncha, akaanza kumgusa mdogo wangu kwenye vidole vya miguu. "Hapa?" Kimya. Akapanda kwenye ugoko, goti, paja. "Hapa?" "Hapana." Akafika kwenye nyonga, akaenda taratibu, kipande cha kidole kwa kipande cha kidole. Vidole viwili chini ya kitovu, mdogo wangu akashtuka, "Hapo!" Daktari akatoa biro mfukoni, akachora mstari juu ya ngozi. Akamgeuza, akarudia upande wa mgongo. Mstari ukakutana na mwenzake kama mkanda wa suruali.

Baadaye ndipo nilipoelewa alichokuwa anakitafuta. Ugwe hutoa jozi 31 za neva, kama shina linavyotoa matawi, na kila jozi ina eneo lake la ngozi. Usawa wa chuchu ni wa jozi ya nne ya kifua. Usawa wa kitovu ni wa jozi ya kumi. Hisia zikikoma kwenye kitovu, basi tatizo liko karibu na kipande hicho cha ugwe, au juu yake kidogo. Kijiti cha pamba kilikwisha kusema mahali pa kutafuta kabla ya mashine yoyote kuwashwa.

Nalikazia hili kwa sababu kabla ya usiku ule tulikuwa tumepoteza siku mbili. Kituo cha kwanza tulichofika, ambacho sitakitaja, kilimpiga picha ya eksirei ya kiuno. Inaingia akilini: miguu ndiyo inayolegea, na miguu imeunganishwa na kiuno. Picha ikatoka safi. Lakini ugwe huishia kwenye usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na eksirei huonyesha mifupa tu, haiuonyeshi ugwe. Tulikuwa tunamtafuta mwizi kwenye nyumba ambayo hakuwahi kuingia.

Kituo hichohicho kilimpa dawa za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Nalo lilikuwa na sababu yake. Alikuwa amelalamika kwamba mkojo unambana na hautoki. Tumbo la chini lilikuwa limejaa kama la mjamzito wa miezi minne, na hakusikia maumivu pale ambapo mtu mwingine angepiga kelele. Kumbe kibofu hakikuwa na maambukizi. Kibofu kilikuwa hakipati amri. Alipowekewa mpira wa mkojo, mfuko ulijaa, ukamwagwa, ukajaa tena.

Kama msomaji atabaki na kitu kimoja kutoka hapa, naomba kiwe hiki: miguu kulegea, ganzi yenye mpaka, na mkojo au choo kugoma, vikija pamoja ndani ya saa au siku chache, si malaria, si UTI, si uchovu wa kuvuna viazi. Ni ugwe unalia. Kiharusi cha kawaida hushika upande mmoja, mara nyingi pamoja na uso au ulimi. Mgonjwa wa ugwe uso wake uko sawa, anaongea vizuri, ila kuanzia mahali fulani kushuka chini mwili si wake. Wengi husema pia wanasikia kubanwa kifuani au tumboni, kama mtu aliyefungwa kanga kwa nguvu na kunyimwa kuilegeza. Ugonjwa hufika kileleni ndani ya kipindi cha saa 4 hadi siku 21 tangu dalili ya kwanza. Mdogo wangu alianza na maumivu ya mgongo Jumatatu jioni akitoka kupakia viazi Isyonje. Alhamisi hakuweza kusimama.

Ni ugonjwa wa nadra, na unadra huo ni sehemu ya hatari yake. Makadirio ya madaktari wa neva ni mtu 1 hadi 8 kwa kila watu milioni kwa mwaka. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Mbeya na watu zaidi ya milioni 2.3. Kwa kipimo hicho, mkoa mzima, Chunya hadi Kyela, ungepata wagonjwa kati ya 2 na 18 kwa mwaka. Tabibu wa zahanati anaweza kustaafu bila kumwona hata mmoja. Kwa hiyo sidai kila tabibu aujue ugonjwa huu kwa jina. Ninachotaka ni kwamba mtu mwenye ganzi yenye mpaka na mkojo uliogoma asirudishwe nyumbani na vidonge.

Jina hilo halitolewi mara moja, na familia nyingi hazielewi kwa nini. Kazi ya kwanza ya daktari ni kuhakikisha hakuna kitu kinachougandamiza ugwe kutoka nje, kwa sababu mgandamizo mara nyingi huhitaji upasuaji, tena wa haraka. Huku kwetu mshukiwa mkubwa ni kifua kikuu cha pingili, kile kinachokula mifupa ya mgongo mpaka inaporomoka na kuacha kibyongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779, na bado kipo. Kifua kikuu hufuatana na virusi vya Ukimwi, na mikoa yetu imebeba mzigo mzito: utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 uliikuta Njombe na asilimia 11.4 ya watu wazima wenye virusi hivyo, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3. Ndiyo maana kipimo cha virusi hufanywa mapema kwa mgonjwa wa namna hii, na hakuna sababu ya familia kukichukulia kama tusi. Virusi vyenyewe vinaweza kuudhuru ugwe, kama vinavyofanya kaswende na mkanda wa jeshi.

Kipo pia kichocho. Tumekizoea kama ugonjwa wa kukojoa damu au wa tumbo, lakini mayai ya mdudu wake yanaweza kupotea njia yakaingia kwenye ugwe na kuuwasha moto. Huyo hutibiwa kwa prazikwanteli pamoja na dawa za kushusha mwako, na anaweza kupona vizuri akiwahiwa. Aliyekua akioga ziwani kule Kyela, au anayelima mpunga kwenye majaruba ya Mbarali, amwambie daktari hata kama hakuulizwa. Na mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea viungo ghafla lazima aripotiwe, achukuliwe choo mara mbili, ili polio ithibitishwe kuwa haipo. Mzazi asiogope akiona maofisa wa afya wamefika nyumbani. Ni utaratibu wa kila mtoto wa namna hiyo.

Wasomaji wa kusini huniuliza kuhusu konzo, ule ugonjwa wa muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha, uliowahi kuonekana Tarime mwaka 1985. Konzo nayo hukakamaza miguu yote miwili kwa ghafla. Lakini hisia hubaki na mkojo hutoka. Hauna mstari.

Mgandamizo hutafutwa kwa MRI, mashine ya sumaku inayouonyesha ugwe wenyewe, na kipimo hicho hakipo kila wilaya. Mtu wa Makete au Ileje lazima asafirishwe, na safari ya mgonjwa asiyeweza kukaa, kwenye kona za milima yetu, ni adhabu. Hata hivyo, hakuna njia ya mkato. Na picha iombwe ya mgongo wote au ya eneo la mstari, si ya kiuno peke yake. Shika karatasi ya rufaa, isome, uliza.

Kisha kinafuata kipimo kinachoogopwa kuliko vyote, kutoa maji ya mgongo kwa sindano. Baba mkubwa alikataa katakata. "Wakimchoma pale, hatatembea tena," alisema, na alikuwa na mfano wa mtu wa kijijini kwao. Daktari hakumkatiza. Alimwacha mzee amalize, akamwomba aketi, akamchorea kwenye bahasha. Ugwe unaishia hapa. Sindano inaingia huku chini, ambako zimebaki nyuzi tu zinazoelea kwenye maji, kama mkia wa farasi, zinazosogea sindano ikija. Mtu wa kijijini kwao alikuwa mgonjwa kabla ya sindano. Ugonjwa ndio uliompoozesha. Baba mkubwa akaikunja ile bahasha akaitia mfukoni, akasaini. Maji yakaonyesha chembe nyeupe nyingi kuliko kawaida, na picha ikaonyesha ukungu mweupe ndani ya ugwe bila kitu chochote kinachousukuma kutoka nje. Hapo ndipo jina likatamkwa.

Kwa nini yeye? Swali hili lilitukesha. Wagonjwa wengi hukumbuka mafua, kuhara au homa fulani wiki chache kabla. Kinga ya mwili ilipigana na kile kidudu, kisha ikakosea, ikaugeukia ugwe kana kwamba nao ni adui. Kwa wengine ni ishara ya kwanza ya ugonjwa mpana zaidi wa kinga kujishambulia, kama lupasi. Mmoja wa kuangaliwa sana kwa watu wetu ni ule unaoshika ugwe na neva za macho pamoja. Mwaka 2004 watafiti walitambua kingamwili, silaha ya kinga ya mwili, inayohusika nao, inayolenga protini iitwayo akwaporini-4. Dalili yake kwenye picha ni mwako mrefu, unaovuka urefu wa pingili tatu au zaidi. Huo hurudi, na kila ukirudi huacha madhara, kwa hiyo mgonjwa huhitaji dawa za kutuliza kinga kwa muda mrefu, kama azathioprini. Mtu aliyewahi kuumwa jicho moja likafifia kwa siku kadhaa kisha likarudi, alitaje hilo. Na kwa wengi chanzo hakipatikani kabisa. Ni jibu gumu kulipokea nyumbani, maana pengo la sababu hujazwa haraka na jina la jirani. Kwetu pia jina la jirani lilitajwa. Mama alilikataa mbele ya watu wote, na ndaga zangu, shukrani zangu, kwake haziishi.

Matibabu ya mwanzo ni dripu ya methailipredinisoloni, kwa kawaida gramu 1 kwa siku, siku 3 hadi 5, wakati mwingine 7. Inazima moto. Haijengi upya kilichoungua, kwa hiyo kuwahi kuna maana. Isipofanya kazi, yapo matibabu ya kuchuja majimaji ya damu ili kuondoa kingamwili mbaya, lakini hayo ni ya hospitali chache kubwa. Mganga wa jadi tuliyeletewa alitaka kumchanja chale miguuni. Tulimshukuru, tukakataa. Dawa hizi hushusha kinga, na chale kwenye ngozi isiyo na hisia ni mlango wa vidonda.

Ngozi isiyo na hisia. Hapa ndipo sisi wenyewe tulipomuumiza. Ilikuwa mwezi wa sita, na anayeujua mwezi wa sita wa Mbeya anajua baridi inavyoingia hadi kwenye mifupa. Mama aliishika miguu ya mwanawe, akaikuta kama barafu. Akachemsha maji, akayatia kwenye chupa ya plastiki, akaifunga kwa kitenge, akaiweka kwenye nyayo. Mdogo wangu alikuwa anatuangalia tu, anazungumza, hana habari. Asubuhi tulikuta lengelenge la ukubwa wa kiganja. Lilichukua wiki sita kupona, na kwa wiki hizo sita fiziotherapia ya kusimama ilisubiri. Chupa ya maji ya moto na jiko la mkaa chini ya kitanda vikae mbali na miguu yenye ganzi. Soksi za sufu zinatosha. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwenye hisia.

Mengine tulifundishwa na muuguzi mmoja wa wodi, kwa sauti ya chini, kama anayemfundisha binti yake kupika. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku na mchana, la sivyo atapata vidonda vya kulalia. Angalieni visigino na makalio kila asubuhi. Mpira wa mkojo usikunjike chini ya paja. Na kwa wale ambao mstari wao uko juu, usawa wa kifua au zaidi, akaongeza onyo: mgonjwa akiumwa kichwa ghafla, jasho likamtoka usoni na presha ikapanda, mkalisheni, angalieni mpira wa mkojo umeziba au la, kisha mwiteni daktari mara moja. Mwili unalalamika juu ya kibofu kilichojaa kwa njia pekee uliyobakiwa nayo.

Watu hutaka kujua kama atapona. Madaktari husema kwa mafungu: karibu theluthi hupona vizuri, theluthi hubaki na udhaifu wa kiasi, theluthi hubaki na ulemavu mkubwa. Mwanzoni nililichukia jibu hilo. Lakini lina muda ndani yake. Mabadiliko makubwa huonekana katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza, na kwa wengine nafuu huendelea hadi miaka 2. Kwa hiyo mtu asihukumiwe kwa hali yake ya wiki ya pili. Miguu iliyolegea kama mlenda mwanzoni hukakamaa baadaye, hurukaruka yenyewe usiku, na hiyo ina dawa, baklofeni. Maumivu ya kuungua kwenye ngozi isiyosikia mguso ni ya kweli, nayo yana dawa. Mgonjwa asiambiwe anajifanya. Huzuni nayo huja, na huja nzito.

Mimi nilibaki na ile biro. Kila Jumapili, kwa ruhusa yake, nilivunja kijiti nikamgusa kama nilivyomwona daktari akifanya, nikachora mstari mpya na tarehe kwenye daftari la shule. Wiki ya tatu ulikuwa palepale. Wiki ya tano ulishuka hadi kwenye nyonga. Wiki ya tisa ulikuwa juu ya goti la kulia, na kidole gumba cha mguu kikacheza. Alicheka, akasema, "Dada, chora tena, umekosea."

Sasa ni mwaka wa pili. Anakwenda sokoni kwa fimbo, anapumzika njiani mara mbili. Mpira wa mkojo anajiwekea mwenyewe, mara nne kwa siku, baada ya kunawa kwa sabuni. Mguu wa kushoto kutoka kwenye kifundo kushuka chini bado hausikii, na mstari wa mwisho niliouchora uko hapo. Kila asubuhi kabla ya kuvaa kiatu, anaingiza mkono ndani yake, anapapasa taratibu hadi kwenye ncha, anakikung'uta mlangoni, ndipo anavaa.